Mbwa Aliyesubiri Bakuli Ligongwe

Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi pale Mkuyuni, na nilijulikana kwa macho yangu. Mtoto akitaka kunakili kwa jirani yake nilimkamata kwa kumtazama bega tu, kabla jicho lake halijafika kwenye daftari la mwenzake. Wanafunzi waliniogopa kwa hilo, na mimi, niseme ukweli, nilijivuna. Nayaeleza haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeishi na mume wake miaka kumi na moja asione kitu.

Miaka ile kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinauzwa au kinafungwa. Kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa karani mume wangu kilimpunguza yeye na wenzake kwa mkupuo mmoja. Hakukaa sana nyumbani. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinachipuka ufukweni, na kimoja kikamchukua awe mnunuzi wa sangara kule visiwani. Akawa anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni. Nilimpigia pasi, nilimfungia chakula cha njiani, nilimsindikiza hadi langoni. Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani katikati ya majabali. Wiki nzima nilibaki humo na binti yangu wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita, na wezi walikuwa wameanza kuingia majumbani mchana kweupe. Nikasema nataka mbwa. Mume wangu akasema mbwa ni uchafu, yeye hajawahi kufuga mbwa na hafugi. Sikubishana naye, lakini sikuliacha wazo langu.

Mbwa mwenyewe nilimpata Kisesa, tena kwa bahati ya pancha. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi Bujora kuona ngoma na viti vya watemi, na wakati wa kurudi tairi la lori likaisha upepo mbele ya ghala la zamani la pamba. Ndani ya ghala mbwa walikuwa wanabweka hadi hatusikilizani. Mama mmoja wa Kizungu, daktari wa mifugo mstaafu, alikuwa amelikodi ili kuwatunza mbwa waliotelekezwa. Walikuwa wengi siku zile. Kampuni ikifungwa, walinzi wanapunguzwa, mbwa wa lindo wanabaki wanazurura. Mgeni akirudi kwao, anamwachia mbwa wake jirani na jirani anamwachia barabara. Watu wa pale waliliita ghala lile hoteli ya mbwa, na walicheka sana wakilitaja.

Niliingia kuomba maji ya watoto. Mwangalizi alikuwa mzee wa Kisukuma, mrefu, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Karibu, mwarimu."

Mbwa kama ishirini waliturukia kwenye wavu. Mmoja hakuruka. Alikuwa amelala kizingitini, mbwa wa mawindo wa rangi ya kahawia, masikio mapana yaliyoanguka, mdomo umeota mvi. Aliponiona aliinuka taratibu, akaja kunusa. Nilikuwa nimevaa koti kuukuu la mume wangu, kwa sababu tuliondoka asubuhi na mapema kukiwa na baridi. Mbwa yule akaingiza pua yake ndani ya mkono wa koti, akaiacha humo kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akaketi juu ya mguu wangu. Nikajiambia, huyu amenichagua.

"Huyu mpore kabisa," mzee akasema. "Mzee mwenzangu. Haumi, hagombani, harukiruki. Ariyemreta jana ni mwanaume mzima, mayu, na aririra hapo hapo uriposimama. Arisema mwenye mbwa amefariki."

Nilimhurumia mtu yule njia nzima. Nilikaa nyuma ya lori pamoja na wanafunzi, mbwa katikati yetu ametulia kama mzee wa kanisa, na nikawa nawafundisha watoto kwamba mwanaume anayemlilia mbwa ana moyo mzuri. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Nyumbani shida ikawa moja tu: hakula. Nilimwekea ugali na mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, kwenye bakuli la bati. Akalisogelea, akaketi wima mbele yake, udenda ukimtoka, akanitazama. Nikadhani ananionea haya, nikaondoka. Niliporudi alikuwa bado ameketi, inzi wamejaa kwenye ugali. Nikajaribu maziwa, nikajaribu dagaa, nikamlisha kwa mkono akageuza uso kwa adabu. Siku mbili zikapita hivyo. Binti yangu akaanza kulia kwamba tumemleta mbwa aje kufia kwetu.

Jumamosi mume wangu akarudi. Alikuwa amebeba sangara mdogo aliyefungwa kwa ukindu, na kabla hajafungua lango akakohoa, kama kawaida yake. Mbwa aliyekuwa hata hatikisi mkia akasimama. Akatoka mbio za kuchechemea, akamfikia, akajigaragaza miguuni pake huku akitoa sauti nyembamba ambayo sikujua kama mbwa wanayo. Samaki akaanguka mchangani.

"Mbwa wa nani huyu?"

"Wetu. Nimemchukua Kisesa."

"Simjui mbwa huyu," akasema.

Mimi sikuwa nimemuuliza kama anamjua. Mwanafunzi wangu yeyote angenijibu hivyo, ningemwambia asimame, anyooshe mikono, alete daftari. Kwa mume wangu niliokota samaki, nikaenda kumpara magamba.

Tuligombana kidogo jioni ile. Alisema mbwa mzee atatuletea kichaa, nikamwonyesha kadi ya chanjo. Alisema atanuka, nikasema nitamwogesha. "Mama watoto, kesho mrudishe," akaniambia, na mimi kwa mara ya kwanza katika ndoa ile nikamjibu hapana. Nilifurahi kwamba nimemshinda.

Sasa lazima nieleze jambo moja la mume wangu. Alikulia katika nyumba ya vijana wengi waliokula kwenye bakuli moja, na baba yao alikuwa na desturi yake: baada ya sala, hakuna mkono uliogusa chakula mpaka yeye agonge ukingo wa bakuli mara mbili kwa kidole. Mume wangu aliichukua desturi hiyo akaja nayo kwetu. Tangu tulipooana, kila alipokuwa nyumbani, alisali, akasema amina, akagonga sahani mara mbili, ting, ting, ndipo tukala. Niliipenda. Nilikuwa nikimsimulia kila mgeni.

Jioni hiyo tuliketi kwenye mkeka uani, mbwa ameketi mbele ya bakuli lake pembeni. Mume wangu akasali. Akagonga, kwa mazoea, bila kufikiri. Mbwa akainamisha kichwa, akala. Alikula hadi akalisukuma bakuli kwa pua mpaka ukutani, likilia kwenye saruji. Watoto walianguka kwa kicheko. "Mbwa wetu ameokoka!" binti yangu akapiga kelele. "Anasubiri amina!" Nami nilicheka mpaka machozi. Mume wangu peke yake hakucheka. Nilidhani bado ana kinyongo kwa ajili ya kushindwa.

Wiki ile, baba yao hayupo, binti yangu ndiye aliyemgongea mbwa. Jumanne jumuiya ilisali nyumbani kwetu, na mimi kwa ujinga wangu nikaitoa habari ile kama ushuhuda. Niliwaambia akina mama kwamba hata mbwa mzee wa Kisesa anajua kungoja baraka, sembuse sisi tunaochovya mchuzi kabla ya sala. Wakacheka, wakapiga makofi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye watoto wangu walimwita shangazi na ambaye alikuwa na kikombe chake maalumu katika kabati langu, hakucheka. Alikitazama kikombe hicho kama ameona mdudu ndani. Nilimwona. Nikamuuliza kama chai imepoa.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alisali, akasema amina, akaanza kula. Hakugonga. Mbwa akabaki ameketi.

"Baba, gonga!" watoto wakasema.

"Acheni upuuzi. Kuleni."

Binti yangu akanyoosha mkono akagonga bakuli la mbwa mwenyewe, ting, ting, na mbwa akala. Tangu hapo ikawa kazi ya mtoto hata baba yake akiwapo. Desturi ya baba yake mzazi, aliyoitunza miaka kumi na moja, mume wangu aliiacha kwa siku moja, na mimi nikasema moyoni kwamba amechoka kuchekwa.

Likizo ya Juni ikafika. Jumatatu mume wangu akaondoka kwenda visiwani. Siku hizo alikuwa ananiomba nimfunge mbwa kamba kabla hajatoka, kwa sababu mbwa alimfuata. Mara moja nilimwona akimrushia mawe kule chini kwenye majabali, mbwa anarudi nyuma hatua mbili, anasimama, anangoja. Jumatano mchana, sina daftari la kusahihisha, nikamfungua nimtembeze. Nilitaka twende ufukweni. Yeye alitaka kwingine. Nikasema haya, baba, tuone unakokwenda.

Alinipeleka Butimba. Hakunusa ukuta, hakukojoa kwenye nguzo, alitembea mbele yangu kama mzee anayekwenda kufuatilia pensheni yake. Tulipita chuo cha ualimu, tukaacha barabara, tukaingia uchochoro wenye minyaa, tukafika kwenye nyumba ndogo yenye mlango wa buluu. Mtoto wa kike wa miaka saba hivi alikuwa anachambua mchele kizingitini. Ungo ukamwanguka.

"Mama! Mama njoo! Amefufuka!"

Akamkumbatia mbwa shingoni, akamwita kwa jina ambalo silo tulilompa sisi, na mbwa akatikisa mkia wote hadi kiuno. Kisha mtoto akakumbuka adabu, akanigeukia. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia. Alikuwa na kidevu chenye kishimo kama cha binti yangu. Nilikiona, nikakipita.

Mama yake akatoka, mikono ina unga, mdogo kwangu kwa miaka kama minane. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Alinipa stuli kivulini, akaniletea maji ya mtungi. "Mtoto huyu alilia wiki nzima, dada. Baba yake alituambia amegongwa na lori, akamzika mwenyewe." Nilikuwa napanga namna ya kumwambia taratibu kwamba mbwa sasa ni wangu, nina kadi. Huyo ndiye aliyekuwa mzigo wangu mkubwa wakati ule, mbwa. Mwanamke akaleta ugali kwenye bakuli la bati, akauweka chini. Mbwa akaketi wima. Mwanamke akainama, akagonga ukingo mara mbili kwa kidole.

Nikakishusha kikombe kutoka mdomoni.

"Nani amewafundisha kugonga hivyo?" nikamuuliza.

"Baba yake. Ndiyo desturi ya kwao."

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Sikuhitaji kumwona, lakini alitoka, ana kaptula na fulana ya ndani, uso una alama za mkeka, mtu aliyeamka usingizi wa mchana nyumbani kwake. Aliniona, akasimama. Mbwa aliacha chakula, akaenda kwake akitikisa mkia. Mwanamke akamtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Mwalimu huyu ametuletea mbwa wetu," akasema polepole. "Mnafahamiana?"

"Simfahamu," mume wangu akajibu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikupiga kelele. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja nyumba ile, lakini palikuwa na mtoto ameketi chini anamkuna mbwa masikio, ananitabasamia. Niliweka kikombe juu ya stuli. Nikamshukuru mwenye nyumba kwa maji. Kisha nikamwambia, "Dada, hiyo fulana aliyoivaa ina kiraka mgongoni, kimeshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu mweupe uliniishia. Mwulize nani alikishona." Nikaiacha kamba ya mbwa pale pale. Niliposhika uchochoro nilisikia mwanamke akisema, "Geuka. Hebu geuka." Sijui kama aligeuka.

Nikapanda mlima wetu nikiongea peke yangu kama mwendawazimu. Kila kitu kilikuja kwa wakati mmoja. Mbwa hakunichagua Kisesa. Alimnusa mtu wake katika koti. Mwanaume mzima aliyelia mbele ya yule mzee alikuwa mume wangu, na mimi nilimsifu mbele ya wanafunzi hamsini. Alimlilia mbwa aliyemtupa! Mimi, miaka yote ile ya kuniongopea, hakuwahi kuniangushia hata chozi moja la bahati mbaya.

Asubuhi yake, watoto hawajaamka, alikuja. Alikohoa nje ya lango. Nilitoka nikasimama ndani, yeye nje, mabati kati yetu. Hatua kumi nyuma yake alikuwa mbwa, anahema, miguu imejaa vumbi la njia nzima ya kutoka Butimba.

"Mama watoto, nisikilize," akaanza. Akageuka akamwona mbwa, na uso wake ukajaa hasira, akasahau alichokuja kuomba. "Unaona? Huyu ndiye tatizo. Ndiyo maana nilimpeleka mbali. Kila nikitoka kule ananifuata mpaka hapa mlangoni kwako. Ningefanyaje?"

Alikuwa ananilalamikia. Mimi! Alitaka nimpe pole kwa taabu aliyoipata ya kunificha nisijue.

Nikafungua lango kiasi cha upana wa mbwa. "Pita, mzee," nikasema. Mbwa akamtazama bwana wake, akangoja. Bwana wake hakumtazama. Ndipo akapita, akaenda kulala pembeni ya tangi la maji, na mimi nikalifunga lango kwa komeo.

Siku ile ile niliwaambia watoto kwamba baba hatakaa nasi tena, na kwamba katika nyumba yangu hakuna kugonga bakuli, iwe la mtu au la mbwa. Sikutaka kuusikia mlio ule mpaka nife. Binti yangu alinitazama. "Sasa atakulaje?" Nikamwambia atajifunza, kila kiumbe hujifunza akishikwa na njaa.

Nilianza kumfundisha, kazi yangu si ndiyo hiyo. Nilipiga makofi. Nikamwambia kula. Niliimba. Nilibadilisha bati nikamwekea kwenye kigae. Mbwa aliketi wima, udenda unatiririka, anatazama lango. Jioni ya siku ya pili wifi akaja kunibembeleza nimsamehe kaka yake, na katika kubembeleza ulimi ukamteleza, akasema yule mtoto wa Butimba ni mpole kama wangu, tangu siku ya ubatizo wake hajawa msumbufu. Alikuwapo kwenye ubatizo. Alikula pilau kule, wiki ile ile akaja akanywa chai kwenye kikombe chake kwangu. Nikamkabidhi kikombe akitumie kwake, na tangu siku hiyo hatujasalimiana vizuri.

Siku ya tatu mbwa hakuweza kuketi wima. Alilala kifudifudi mbele ya bakuli, kidevu juu ya ukingo, chakula chini ya pua yake, na bado hakugusa. Binti yangu alikuwa ameketi karibu naye, mikono yake ameikalia ili isigonge. Alikuwa ananitii. Nilimtazama mabega, kama nilivyozoea, nikaona yanatetemeka.

Nikapiga magoti. Kidole kilikuwa kizito, sijui niseme kizito kama nini. Niligonga ukingo wa bakuli mara mbili, hivyo hivyo, ting, ting, kama alivyokuwa akigonga yeye, kama alivyokuwa akigonga kwa mwenzangu kule Butimba. Mbwa akatazama lango mara moja zaidi. Kisha akala.

Niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia kwa mara ya kwanza. Mbwa yule aliishi kwetu mwaka mmoja na miezi minne. Niligonga kila siku, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe.